Usiongeze kifurushi kabla hujapima foleni ya ruta yako

“Fundi, nimepandisha kifurushi lakini Zoom bado inakatakata.” Wiki hii nimeletewa tena kauli hiyo, na mwenye nyumba alikuwa ametoka megabiti 20 hadi 40 kwa ushauri wa huduma kwa wateja. Safari hii nimeamua kuandika jibu refu, maana kulieleza kwa simu huku mtu anaendesha gari kumenichosha.

Imani iliyo nyuma ya kauli hiyo ni kwamba intaneti ya nyumbani ikisumbua, dawa yake ni megabiti. Nyumba nyingi ninazoingia hazina upungufu wa megabiti. Zina ruta inayorundika pakiti (vile vipande vidogo vya data) laini inapojaa, na pakiti ya simu yako ya video inakaa nyuma ya rundo hilo. Dawa yake ni programu inayoendesha ruta. Unaweza kuiweka bure, na wakati mwingine tayari unayo hujaiwasha.

Mambo madogo kwanza. Zile programu za simu zinazodai kuongeza nguvu ya Wi-Fi, zifute. Simu haina namna ya kuipa redio ya ruta nguvu isiyokuwa nayo. Programu za kukagua mtandao kama Fing zina kazi yake halali, kukuonyesha vifaa vilivyoungwa, basi. Nywila ya ukurasa wa ruta ibadilishe leo, na WPS, ile njia ya kuunga vifaa kwa kitufe au PIN, izime. Na kama chumba cha nyuma hakipati mawimbi, hilo ni tatizo la kuta na umbali: vuta waya, weka kituo cha pili. Kujua uko upande gani, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya. Kama bado inakwama, endelea kusoma.

Twende kwenye foleni. Nyumba ina laini yenye megabiti 40 za kupakua na megabiti 1 ya kupakia. Saa ya mkutano, simu ya mtoto inapeleka video kwenye Google Photos na kamera ya getini inarusha picha zake kwenye wingu. Pakiti zinaingia kwenye ruta kwa kasi ya Wi-Fi, laini inazitoa kwa megabiti 1. Zinazobaki zinawekwa kwenye bafa, kumbukumbu ya muda ndani ya kifaa. Chukua bafa ya kilobaiti 256, ambayo si kubwa: hizo ni biti milioni 2 na ushee, na kwa megabiti 1 kwa sekunde zinahitaji zaidi ya sekunde 2 kutoka. Pakiti ya sauti yako ikifika mwisho wa mstari huo, inasubiri sekunde 2. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake la G.114, inasema mazungumzo yanataka ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Hapo ndipo unaposikia watu wanaambiana “hebu rudia, umekatika”.

Na kupakua nako kunaumia, jambo ambalo wateja hawaniamini mpaka niwaonyeshe. Kila kompyuta inapopakua, inarudisha pakiti ndogo za uthibitisho kwa aliyetuma. Hizo nazo zinapita njia ya kupakia. Zikikwama nyuma ya video ya mtoto, aliyetuma anapunguza mwendo akisubiri, na zile megabiti 40 ulizolipia zinakaa bila kazi.

Sasa mtu anafungua kipimo cha spidi, anaona 38, ananitumia picha ya skrini kama ushahidi kwamba laini ni nzima. Kipimo cha spidi kinakuambia ni data kiasi gani imepita kwa sekunde. Hakikuambii pakiti moja ndogo imesubiri muda gani, na simu ya video inaishi kwa hizo pakiti ndogo. Siku hizi vipimo vyenyewe vinatoa jibu, ila watu hawasogezi macho: Speedtest inaonyesha pingi (muda wa pakiti kwenda na kurudi) laini ikiwa imetulia, pingi wakati wa kupakua na pingi wakati wa kupakia. Fast.com nayo ina ucheleweshaji wa laini iliyobeba mzigo, ukibonyeza kuona maelezo zaidi. Ukitaka njia isiyotegemea tovuti ya mtu, acha kompyuta ikipingi 8.8.8.8, seva ya Google, mfululizo, kisha anza kupakia video kubwa kwa simu nyingine. Pingi ikitoka milisekunde 20 au 30 ikaenda 40 au 50, uko salama. Ikipanda hadi 800, foleni yako umeiona kwa macho.

Kwa haki, niseme kifurushi kikubwa kinasaidia kidogo. Ukiongeza kasi ya kupakia mara mbili, bafa ileile inamwagika kwa nusu ya muda. Lakini angalia vizuri kilichoongezwa: vifurushi vingi vinavyotangazwa kwa maandishi makubwa vinaongeza kupakua tu. Halafu, TCP, kanuni inayosafirisha sehemu kubwa ya data ya intaneti, imeundwa ijaze laini yoyote utakayoipa. Inaongeza mwendo mpaka pakiti ipotee, ndipo ijue imefika ukingoni. Mwaka 1986 intaneti ilianza kuporomoka kwa msongamano; kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale jirani, kasi ilishuka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, akatoa dawa mwaka 1988: pakiti ikipotea, mtumaji apunguze mwendo. Kupotea kwa pakiti kukawa ndiyo ishara. Baadaye kumbukumbu za kielektroniki zikawa rahisi, watengenezaji wakajaza bafa kubwa kwenye kila kifaa, wakiamini kupoteza pakiti ni aibu. Wakaichelewesha ishara yenyewe. Mtumaji anaendelea kukanyaga mafuta kwa sababu hakuna aliyemwambia kumejaa.

Mhandisi wa programu Jim Gettys aliligundua jambo hili nyumbani kwake mwaka 2010, akalipa jina lililobaki, bufferbloat. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na huyohuyo Van Jacobson wakachapisha CoDel, kanuni ya kusimamia foleni. Wazo lake nalipenda kwa unyoofu wake: usihesabu urefu wa foleni, tazama pakiti imekaa humo muda gani. Ikiwa kwa milisekunde 100 mfululizo hakuna iliyotoka chini ya milisekunde 5, anza kuangusha pakiti chache ili watumaji wapate ujumbe. Toleo la FQ-CoDel linaongeza kutenganisha mikondo, kila mazungumzo na foleni yake, na liliwekwa kwenye RFC 8290, moja ya nyaraka rasmi za kanuni za intaneti, mwaka 2018. Mwaka huohuo CAKE, linalounganisha haya yote pamoja na kudhibiti kasi, likaingia kwenye Linux 4.19, mfumo unaoendesha ruta nyingi. Dave Täht, aliyefariki mwaka 2025, alitumia miaka mingi akiusukuma mradi wa Bufferbloat ili kazi hii ifike kwenye ruta za watu wa kawaida. Ukiwa kwenye simu ya video isiyokatika huku nyumba nzima inapakia picha, sehemu ya shukrani ni yake.

Nimefika kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Ili programu hii ifanye kazi, lazima uipangie kasi iliyo chini kidogo ya uwezo halisi wa laini. Ukipima 40, unaandika 36. Na hapo ndipo mteja anaposimama: “Yaani fundi, unanipunguzia spidi niliyolipia?”

Hebu tusikilizane. Foleni haiondoki duniani. Panapokutana njia pana na njia nyembamba, itakuwepo. Swali ni itakaa kwa nani. Ukiiacha ruta isukume kwa kasi yote, foleni inajengeka kwenye kifaa kilicho mbele, modemu au mtambo wa mtoa huduma, ambako huna mamlaka na kila pakiti inapanga mstari mmoja. Ukiweka mlango mwembamba kidogo ndani ya ruta yako, foleni inahamia hapo, chini ya programu inayojua kuipanga. Ni kama kivuko cha Magogoni: mwenda kwa miguu ana geti lake, hapangi mstari nyuma ya malori, na uwezo wa pantoni haujabadilika hata kidogo. Zile megabiti 4 ulizoziacha ndizo bei ya kuishika foleni mkononi mwako. Mwenye mkutano wa kazi kila asubuhi akikataa bei hiyo, mimi simwelewi. Hakuna kazi ya nyumbani ninayoijua inayokwama kwa sababu kupakua ni 36 badala ya 40. Kazi zinazokwama kwa sababu pakiti imesubiri sekunde nzima naziona kila siku.

Kwa hiyo kwenye OpenWrt, ile programu ya ruta iliyozaliwa kutokana na msimbo wa Linksys WRT54G, unaweka kifurushi cha programu kiitwacho luci-app-sqm. Unaingia ukurasa wa SQM (ndilo jina la usimamizi huu wa foleni), unachagua mlango unaoelekea nje, unaandika kasi ya kupakua na kupakia kwa kilobiti, unachagua cake na skripti ya piece_of_cake. Kwa kupakia anza na asilimia 90 ya ulichopima saa mbaya ya jioni, usipime saa tisa usiku ukajidanganya. Pima pingi chini ya mzigo, panda kidogo kidogo mpaka ianze kuharibika, rudi hatua moja. Kwenye ruta za MikroTik, mfumo wake wa RouterOS 7 una fq_codel na cake kama aina za foleni. Fungua WinBox, programu ya kuzipangia ruta hizo, tengeneza foleni, na kumbuka kuzima fasttrack, njia yake ya mkato, kwa sababu trafiki inayopita fasttrack inairuka foleni uliyoitengeneza. OpenWrt nako kuna mtego kama huo: kile kipengele cha kupeleka pakiti moja kwa moja kupitia chipu kikiwashwa, SQM haioni kitu. Nimeitwa nyumba ambazo mtu kaweka kila kitu sawasawa na hicho kimoja kimebaki kimewashwa.

Kazi hii pia inataka prosesa. Ruta ndogo ya zamani inaweza kupanga foleni ya megabiti 50 vizuri, ukaipa 300 ikazidiwa na kasi ikaanguka kweli. Hapo malalamiko ya mteja ni ya haki, na jibu ni kifaa chenye nguvu zaidi.

Usiniletee ule ukurasa wa QoS (kupanga kipaumbele) wa ruta za bure, wenye orodha ya kuandika Zoom kwanza, YouTube pili. Siku hizi karibu kila kitu kimesimbwa, na vingi vinapita mlango mmoja wa mtandao, namba 443. Ruta nyingi za namna hiyo hazijui kipi ni kipi, zinakisia. FQ-CoDel haihitaji kujua jina la programu. Mkondo unaotuma kidogo hautaabiki nyuma ya mkondo unaotuma sana, basi, na hicho ndicho tulichokitaka.

Sasa mashaka yangu, ambayo miongozo mingi inayafunika. La kwanza ni upande wa kupakua. Kwa kupakia, ruta yako ndiyo mlango, unatawala. Kwa kupakua, pakiti zimeshapita penye ufinyu kabla hujaziona; unachofanya ni kuziangusha baadhi baada ya kufika, ukitegemea mtumaji aelewe na apunguze. TCP inaelewa. Mtumaji asiyejali haelewi, na hapo CAKE haina meno. Ndiyo maana kupakua nakupunguza zaidi, wakati mwingine hadi asilimia 85, na siwezi kukuahidi matokeo yaleyale kila laini.

La pili, na ndilo linaloninyima usingizi kwa wateja walioko mbali na faiba, ni ruta za 4G. Kasi ya mnara inabadilika kila dakika. Ukiandika kilobiti 20,000 na saa mbili usiku mnara ukakupa 8,000, foleni imerudi kulekule mbele. Ukiandika 8,000, mchana unapoteza bure. Ipo skripti ya cake-autorate inayopima ucheleweshaji mfululizo na kurekebisha kasi yenyewe. Ninaitumia na inasaidia, lakini naona inahitaji kuangaliwa, na simwekei mteja ambaye hatakuwa na mtu wa kumpigia ikikosea.

La tatu, Wi-Fi yenyewe ina foleni zake. Kifaa kimoja kilicho mbali, kinachozungumza polepole, kinaweza kula muda wa hewani wa wengine wote. Mtafiti Toke Høiland-Jørgensen na wenzake walionyesha mwaka 2017 jinsi ya kuleta FQ-CoDel na mgawanyo wa haki wa muda huo ndani ya Linux, na OpenWrt inanufaika kwa chipu kadhaa. Kwa chipu zingine ambazo dereva wake, yaani programu inayoiendesha chipu, imefungwa na mtengenezaji, hakuna kinachobadilika. Ninaponunua ruta, naangalia dereva kabla ya kuangalia idadi ya antena.

Na kwa wale ambao ruta ya mtoa huduma imefungwa na hamruhusiwi kugusa chochote: iacheni ilipo. Chomekeni ruta yenu ya OpenWrt au MikroTik nyuma yake kwa waya, zimeni Wi-Fi ya ile ya kwanza, vifaa vyote viingie kupitia ya pili. Kasi mtakayoiandika kwenye ya pili ikiwa chini ya laini, foleni itakaa humo humo hata kama ile ya mbele ina bafa kubwa kiasi gani. Msisahau tu kifaa kimoja, kama runinga au kamera, kimechomekwa bado kwenye ruta ya mbele, maana hicho kitajaza laini bila kupita kwenu.