SWR moja kamili haikwambii kwamba antena yako ni nzima

"Fundi, antena haina neno. Nimeipima kwa nano, SWR ni moja kamili." Maneno haya nimeyasikia Nyali, nimeyasikia Likoni, nimeyasikia kwenye maboti pale Mtwapa, na kila mara msemaji amekwisha kuamua kwamba redio ndiyo mbovu. Tangu vipimo vidogo vya VNA (vinavyotuma ishara ndogo kwenye antena na kupima inayorudi), hasa NanoVNA, ndiyo hiyo "nano", vishuke bei na kuingia mikononi mwa watu wa redio ya ridhaa, kila mtu anapima mwenyewe, na jambo hilo nalifurahia kwa dhati. Kinachonichosha ni kuona watu wamenunua kifaa kinachoonyesha mambo mengi, kisha wanasoma namba moja tu, na hiyo moja wanaielewa kinyume.

SWR (uwiano wa mawimbi yaliyosimama) inakueleza kiasi gani cha nguvu kinarudi pale ulipofunga kifaa, basi: moja kamili ni kwamba hakirudi kitu, na ikipanda, kinarudi zaidi. Ile nguvu isiyorudi imekwenda wapi, haisemi. Huenda imeruka hewani kama ulivyotaka. Huenda imeishia kupasha joto kebo, konekta iliyoota kutu, au udongo. Chukua mzigo bandia wa omu 50, yaani kipinga kinachokaa mahali pa antena, uufunge kwenye nano: utaona SWR moja kamili kwenye bendi zote za HF (mawimbi mafupi) na VHF (mafupi zaidi). Hakuna antena itakayokupa mstari mzuri kama ule, na mzigo bandia haurushi mawimbi popote.

Hapa Mombasa ugonjwa mkubwa uko kwenye kebo. Hewa ya chumvi inapenya kwenye konekta ya juu ambayo haikuzibwa sawasawa, mvua inafuata, na ule msuko wa shaba unaanza kuwa mweusi kisha kijani. Kebo iliyofika hapo inakula nguvu. Ishara ya nano inapanda huku ikipungua, inaigonga antena, inateremka huku ikipungua tena. Kinachofika chini ni kidogo mno, na kwa kuwa kinachorudi ni kidogo, nano inakuandikia SWR nzuri.

Tufanye hesabu. Mita 30 za RG-58, kebo nyembamba ya koaksia, ikiwa mpya, kwenye 145 MHz hupoteza kama desibeli 5 hadi 6 (kila desibeli 3 ni nguvu kupungua nusu). Sasa iondoe antena kabisa, uiache ncha ya juu wazi. Nguvu yote iliyofika juu inarudishwa, lakini ilishapoteza desibeli hizo ikipanda na itapoteza nyingine kama hizo ikishuka. Nano iliyo chini itaonyesha SWR kati ya 1.7 na 1.9. Juu hakuna antena hata kidogo, na mtu anasema "iko chini ya mbili, twende kazi." Na hiyo ni kebo mpya! Kebo ikizidi kuoza, SWR inazidi kushuka. Ndiyo sababu mteja akiniambia kwamba mwaka jana alikuwa na 1.6 na sasa imejirekebisha yenyewe ikawa 1.1, redio yake siigusi kwanza. Naomba ngazi.

Kinachoniuma ni kwamba jibu limo ndani ya nano hiyo hiyo anayoishika. Fungua antena kule juu, weka shoti kwenye ncha ya kebo (unganisha waya wa kati na ganda), shuka, soma S11, kipimo cha kinachorudi, kwa desibeli, ugawe kwa mbili. Ukisoma 12, kebo inapoteza 6 kwa safari moja, yaani wati 50 za redio yako zinafika juu zikiwa 12 na ushee. Hakuna redio mpya itakayokutibia hilo. Mimi kila kebo ninayoifunga naipima hivi siku ya kwanza, naandika namba pamoja na masafa niliyopimia, na karatasi naibandika nyuma ya redio. Kusi likishapita, pima tena ulinganishe. Desibeli moja ikiongezeka, kata konekta ya juu utazame rangi ya shaba. Ukikuta weusi umeingia ndani ya ganda, usikate inchi mbili ukadhani umepona. Badilisha kebo nzima.

Kwenye HF uongo huu unakuja kwa njia ya ardhi. Tuseme umesimamisha antena ya wima ya robo wimbi kwa bendi ya mita 40, kama mita 10 kwenda juu, imefungwa moja kwa moja kwenye koaksia bila kilinganishi chochote cha kusawazisha omu. Ikiwa ardhi yake ni bora kabisa, ukinzani wake ni kama omu 36, na SWR ni 1.4. Sasa akija mtu na antena ya namna hiyo yenye SWR moja kamili, kuna omu 14 zimeingia kutoka mahali fulani, na mara nyingi zimetoka ardhini. Kati ya kila wati 100 anazotuma, 28 zinapasha joto mawe ya matumbawe ya Bamburi. Mtandazie nyaya nyingi zaidi chini ya antena: ukinzani unateremka kuelekea omu 40, SWR inapanda hadi 1.25, na sehemu ya nguvu inayoruka hewani inapanda kutoka asilimia 72 hadi 90. Antena imekuwa bora na SWR imekuwa mbaya zaidi, kwa wakati mmoja. Nimepigiwa simu za hasira kwamba nimeiharibu antena ya mtu kwa kuongeza nyaya. Jamani, R (ukinzani) na X (kizuizi cha koili na kapasita) ziko pale pale kwenye kioo! Ile duara ya chati ya Smith, iliyochapishwa tangu 1939, ndiyo ambayo wengi huizima siku ya kwanza kwa kuwa inawachanganya macho. Iwasheni. Ukishajua kwamba katikati ni omu 50, kushoto kabisa ni shoti na kulia kabisa ni waya ulio wazi, umeshapata faida kubwa kuliko namba ya SWR itakavyokupa maishani.

Kuna mwingine anayeniambia nano yake ilikuja imekwisha kufanyiwa kalibresheni, yaani kurekebishwa kwa vipimo vinavyojulikana, dukani. Kalibresheni ni ya masafa uliyoyachagua na ya mahali ulipozifunga zile ncha tatu: wazi, shoti na mzigo. Ukiongeza kipande cha kebo na adapta mbili baadaye, umehamia mahali pengine. Fanya kalibresheni mwisho wa kipande hicho, kisha urudishe shoti na mzigo uhakikishe vinaangukia panapostahili kwenye chati. Ni kazi ya dakika chache, na anayeiruka namjua kwa namba anazoniletea.

Kosa linalofuatana na hilo ni kupima kutoka 50 kHz hadi 900 MHz kwa mkupuo mmoja "ili nione kila kitu." Nano ya kawaida hugawanya upana huo kwa nukta 101. Kati ya nukta na nukta kuna takriban 9 MHz. Bendi yetu yote ya mita 2, kutoka 144 hadi 146 MHz, inaweza kupita katikati ya nukta mbili isionekane kabisa, na mstari unaouona hapo ni kifaa kimeunganisha nukta tu. Pima 140 hadi 150 MHz. Kwa mita 40, pima 6.5 hadi 7.5 MHz. Baada ya kubadilisha masafa, fanya kalibresheni upya, usikiachie kifaa kikisie.

"Ukikata kebo kwa urefu fulani, SWR inashuka." Haishuki, isipokuwa kwa ule upotevu niliousema. Ikiwa urefu wa kebo unaibadilisha SWR yako sana, basi ganda la nje la kebo limegeuka kuwa sehemu ya antena. Nano ni kifaa cha mkononi, kwa hiyo jaribio ni jepesi: shika kebo, telezesha mkono juu yake huku ukitazama kioo. Namba zikicheza, mkondo unapita nje ya ganda. Weka feraiti (pete inayozuia mkondo huo), au uizungushe kebo koili karibu na antena, upime tena. Na wale wanaounganisha nano na kompyuta kwa waya wa USB wakati wa kupima antena ya HF, waya huo nao unaingia kwenye hesabu. Tumia betri ya kifaa chenyewe, hifadhi vipimo ndani yake kama kinaruhusu, kompyuta utaifungua ukirudi nyumbani.

Kuhusu wanaopanda paani mara ya nne jua la saa saba ili watoe SWR ya 1.5 waifikishe 1.1: katika 1.5 kinachorudi ni asilimia 4 tu ya nguvu, chini ya desibeli 0.2, na hatua moja ya S-mita, kipimo cha nguvu ya ishara kwenye redio, ni desibeli 6. Anayekusikiliza Nairobi hataijua tofauti hiyo. Shuka, unywe maji. Muda huo ziba konekta.

Wengine wanataka nano iwapimie wati za redio, au iwaonyeshe kama redio inatoa uchafu kwenye masafa ya wengine. Haiwezi. Wati ni kazi ya mita ya nguvu, uchafu ni kazi ya kichanganuzi cha spektra.

Nimalizie na lile linaloua vifaa. Nano hutoa ishara yake yenyewe, chini ya miliwati moja, na mlango wake umetengenezwa kupokea kiasi kidogo kama hicho. Kuna anayefunga redio ya mkononi kwenye mlango huo akabonyeza kitufe cha kusema "ili nione SWR ikiwa hewani." Wati 5 ni miliwati 5000, na mlango unaungua pale pale. Kurusha mawimbi kwa antena ya jirani wakati unapima antena yako mita mbili kutoka hapo ni hatari hiyo hiyo, kwa hiyo zima kila redio iliyo karibu. Antena ndefu ya waya nayo hukusanya umeme tuli, hasa upepo ukiwa mkavu au mawingu ya mvua yakikaribia: kabla hujaifunga kwenye nano, gusanisha waya wa kati na ganda la kebo kwa kipande cha waya. Na ukiona mstari unatetemeka ovyo ingawa kalibresheni ni nzuri, kuna kituo cha utangazaji au redio ya bandari inayoingia kwa nguvu kupitia antena. Kifaa hiki hakina chujio la kuizuia, kwa hiyo ngoja inyamaze kidogo, au rudia kipimo mara kadhaa mpaka upate mstari unaofanana.