Kabla ya kuomba mkopo wa asilimia 10, tafuta mlezi na wenzako wa kweli

Kila halmashauri inapotangaza kupokea maombi ya mikopo ya asilimia 10, ile inayotoka kwenye mapato yake ya ndani, ofisi zetu za kata hujaa akina mama ambao kikundi chao kina umri wa wiki moja. Jina wanalo, vyeo wameshagawana, muhtasari umegongwa muhuri wa mtaa. Ukimgeukia katibu ukamuuliza, "Huyu mwenzako wa kulia anauza nini, na mtaji wake ni kiasi gani?" anamtazama mwenzake, mwenzake anatazama chini.

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii, na vikundi vya wanawake mkoani Mwanza ndiyo kazi yangu ya kila siku. Malalamiko yanayofika mezani kwetu yamekuwa mengi na yanafanana: mweka hazina hapatikani kwenye simu, wenzetu hawarejeshi kwa nini tudaiwe sisi, mkopo tumepata lakini biashara imekufa. Karibu yote ukiyafuatilia yanarudi kwenye kikundi kilichoundwa kwa ajili ya fedha, kikawa hakina kazi nyingine zaidi ya kuzisubiri.

Niliseme jambo moja kwanza, kwa sababu nimelisema mara nyingi na bado halijaeleweka. Fedha hizi si zawadi ya diwani, si ahsante ya kura, na hakuna kiongozi aliyezitoa mfukoni mwake. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Lakini ni mkopo, na shilingi unayoshindwa kurejesha ni ushuru uliolipwa na mama mwenzako pale sokoni Mlango Mmoja, ambaye naye anasubiri zamu yake. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 na kuanza tena mwaka 2024 kwa kanuni mpya, na moja ya sababu za kusitishwa ilikuwa ni hizohizo: vikundi hewa na marejesho mabovu.

Sasa nije kwenye mlezi wa biashara, maana hapo ndipo penye faida na ndipo watu wengi wanaparuka.

Mlezi ninayemzungumzia ni mama aliyekutangulia hatua mbili au tatu katika kazi unayoifanya. Tajiri mwenye maghala hakufai kwa kuanzia. Ameshasahau jinsi mtu anavyopata shida na mtaji wa shilingi 100,000, na muda wa kukaa na wewe hana. Anayekufaa ni yule aliyekuwa kwenye meza kama yako miaka michache iliyopita, ambaye bado anakumbuka msimu gani ulimla mtaji.

Nitoe mfano niliouona kwa macho yangu, kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhushia samaki, upande wa Ilemela. Mama kijana, mchakataji wa dagaa, alikuwa amerudi kutoka soko la Mwaloni Kirumba na furaha yake. Alinunua dagaa wabichi kwa 100,000, akaanika, akauza kwa 140,000. "Mayu, nimepata arobaini," yaani mama kwa Kisukuma, alimwambia mama mtu mzima aliyekuwa akigeuza dagaa wake kwenye chanja, kichanja cha kuanikia. Yule mama hakumpongeza wala hakumkatisha tamaa. Alichukua kijiti, akakaa chini, akaanza kuandika mchangani huku akimuuliza. Wabebaji kutoka mtumbwini ulilipa ngapi? Elfu tano. Kibarua wa kuanika na kugeuza? Elfu nane. Magunia mawili? Elfu tatu. Nauli yako na ya mzigo? Elfu saba. Ushuru? Elfu mbili. Ulikula nini Kirumba? Chai, chapati na vocha, elfu tatu. Jumla ilifika 128,000. Ile arobaini ikabaki 12,000, kwa kazi ya siku tatu.

Yule binti alinyamaza. Halafu akauliza swali ambalo katika semina zetu zote hajawahi kuliuliza: "Kwa hiyo hela ya ada niliyotoa juzi nilitoa kwenye mtaji?" Yule mama akamjibu, "Ulitoa kwenye mtaji, mwanangu. Na wiki ijayo utanunua ndoo pungufu, utasema biashara imeingia mdudu."

Mimi nimefundisha utunzaji wa kumbukumbu kwa vitabu na mabango, lakini siku ile kijiti na mchanga vilifundisha kuliko mabango yangu. Mlezi wa aina hiyo anajua pia mambo ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote wa serikali. Anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kubwa mitumbwi hupumzika, kwa hiyo mchakataji ana siku kadhaa kila mwezi zisizo na mzigo. Marejesho ya mkopo hayapumziki. Mama asiyeambiwa hili mapema hula faida yote wakati wa giza, na tarehe ya rejesho ikimkuta kwenye mbalamwezi anakimbilia kwa mkopeshaji wa mtaani. Aliyelelewa anaweka akiba ya siku hizo tangu gunia la kwanza linapouzwa.

Ndivyo ilivyo hata kwenye kuanika. Dagaa walioanikwa chini huingia mchanga, na mvua ya ghafla ikinyesha hakuna wa kuwaokoa wote. Wakiharibika hushuka bei na kuuzwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Chanja ya mbao na wavu inagharimu fedha, ndiyo, lakini mama aliyeitengeneza tayari anaweza kukuonyesha fundi, vipimo, na jinsi ya kufunika mawingu yanapojikusanya. Kanuni hizi zinahamia kwenye kazi nyingine pia: mama ntilie wa Buhongwa, mshonaji wa Igoma, muuza mitumba wa Sengerema, kila mmoja ana mbalamwezi yake.

Hofu ninayoisikia sana ni hii: "Nikimfundisha ataninyang'anya wateja." Naielewa, na sitaki kuidharau. Ndiyo maana nashauri mlezi na mlelewa wasiwe meza kwa meza katika soko moja. Mwenye genge Nyakato amlee mwenye genge Kayenze. Wakubaliane tangu mwanzo mambo manne ya msingi: watakutana lini, watazungumza nini, siri zipi hazitoki, na kwamba mlezi hamkopeshi mlelewa wake wala hachukui sehemu ya mauzo yake. Hili la mwisho nalisisitiza. Mlezi akishakuwa mdai, mlelewa anaanza kumficha hesabu, na ulezi unakuwa umekwisha siku hiyo. Kama ni lazima apewe mzigo kwa mali kauli, auchukue kwa mtu mwingine.

Mlezi utampata wapi? Waulize viongozi wa Jukwaa la Uwezeshaji Wanawake Kiuchumi katika kata yako. Majukwaa haya yalianzishwa kuanzia mwaka 2016 na yamepangwa kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji kwenda juu. Yapo yaliyolala, sikatai. Lakini jukwaa huamshwa na wanachama wake wanaohudhuria na kudai vikao, na kumsubiri afisa aje kuitisha kila kikao ni kupoteza wakati. Kwa wanaosindika vyakula, sabuni au batiki, SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wako hapa Mwanza, wanatoa mafunzo na ushauri, na barua yao ya utambulisho ndiyo mlango wa mjasiriamali mdogo kuelekea TBS, Shirika la Viwango, kutafuta alama ya ubora. Usikubali kumlipa mtu wa katikati kwa kazi ambayo miguu yako inaweza kuifanya.

Baada ya mlezi ni wenzako. Hapa naomba tutofautishe vitu viwili ambavyo wananchi wanavichanganya kila siku, na kuvichanganya kunawagharimu.

Kikundi cha kuweka na kukopeshana, kile cha hisa, sanduku la makufuli matatu na kuvunja, yaani kugawana fedha, mwisho wa mwaka, kinasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kipo katika daraja la nne la sheria hiyo. Lazima kisajiliwe, na usajili unafanyika kupitia halmashauri. Kusema "sisi ni marafiki tu" hakukuondolei wajibu huo. Kuendesha huduma hiyo bila usajili ni kosa. Zaidi ya kosa, kikundi kisichosajiliwa kikidhulumiana tunapata shida kubwa kuwasaidia, kwa sababu hatuna katiba yenu, hatuna orodha ya wanachama, wala hatujui nani alikuwa na ufunguo upi.

Kikundi cha kuomba mkopo wa asilimia 10 ni kingine. Kwa wanawake kinahitaji wanachama wasiopungua watano, raia wa Tanzania, wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mnaanza na kikao cha kuanzisha kikundi, na muhtasari wake usainiwe na wote waliohudhuria. Mnaandika katiba, mnachagua viongozi, mnapeleka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji anayewatambua, kisha kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mnafungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na jina liandikwe vilevile kwenye cheti, kwenye akaunti na kwenye maombi. Maombi mengi hurudishwa kwa sababu cheti kinasema "Wanawake Jitegemee" na akaunti inasema "Jitegemee Women". Mnaandaa andiko la mradi lenye hesabu zenu wenyewe. Tukiona andiko la kununua mashine ya kukoboa kutoka kwa kikundi cha wasusi, tunajua limenakiliwa. Vitambulisho vya NIDA vya wanachama wote viwepo. Maombi yanapita kwenye kamati ya kata, yanapanda halmashauri, watu wanakuja kukagua mradi ulipo, ndipo mkataba unasainiwa. Kwa mkataba huo deni ni la kikundi. Mmoja akikimbia, waliobaki wanadaiwa, na halmashauri ina haki ya kwenda mahakamani.

Hakuna fomu inayouzwa. Anayekuomba fedha ili "aipitishe" anakuomba rushwa, na namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure.

Mkisoma masharti hayo mtaona kwa nini nasema wenzako wawe wa kweli. Unajifunga deni pamoja na mtu. Kaeni kwanza miezi kadhaa mkikutana kila wiki bila mkopo wowote. Angalieni nani anachelewa, nani anaficha, nani akiumwa mtoto wake wenzake wanamshikia meza. Katika vikao hivyo kila mmoja aeleze mauzo ya wiki, tatizo moja alilolipata, na alichojifunza. Nusu saa inatosha. Mfuko wa jamii, wa misiba na ugonjwa, uwe mbali kabisa na fedha ya biashara, kwenye daftari lake. Nimeona mitaji mizuri ikiishia kwenye turubai na jeneza, na hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Msiba ulikuja, fedha iliyokuwepo ilikuwa moja tu. Naomba sana hili mlishike.

Wapo walioniuliza kuhusu waume. Mume kumjua mlezi wako na siku za vikao kunapunguza maneno, kwa hiyo mweleze. Lakini mkopo ni wa kikundi cha wanawake, na kikao kinachoendeshwa na waume waliokaa nyuma ya mti huwa tunakiona tunapokuja kukagua.

Kuhusu kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa, nitasema kwa ufupi. Wakopeshaji wa biashara, walio daraja la pili la sheria ileile ya mwaka 2018, wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na wapo chini ya ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekukopesha 100,000 asubuhi akataka 130,000 baada ya wiki mbili yuko nje ya utaratibu huo. Mwombe leseni, mwombe mkataba kwa Kiswahili, na usimwachie kadi ya benki wala namba ya siri. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni, hivyo mkopo wa kwenye simu nao ukaguliwe kabla ya kubonyeza. Mama mwenye kikundi kinachokutana kila Jumatano ana watu wa kuwauliza. Aliye peke yake huamua saa nne usiku, mtoto akiwa amerudishwa shule.

Ikiwa kikundi chako tayari kina mkopo na mmeanza kukwama, msisubiri barua ya madai. Njooni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla tarehe ya rejesho haijapita, mje wanachama wote badala ya mwenyekiti peke yake, na kila mmoja aje na daftari lake la mauzo. Asiye na daftari aje hivyohivyo, tutaanza naye pale pale kwa kuandika aliyoyauza jana.