Nani aliiandika Katiba ya Kenya ya 2010? Dhana potofu na ukweli wake

Tarehe 27 Agosti 2010, katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, Rais Mwai Kibaki alitia saini Katiba mpya mbele ya umati mkubwa. Waliokuwa watoto siku ile leo wanapiga kura, na mengi wanayoyajua kuhusu Katiba hiyo wameyaokota barazani, kwenye matatu na kwenye simu zao. Baadhi ni kweli. Mengine yalianza kama maneno ya kampeni, yakarudiwa mpaka yakaota mizizi. Nimechagua yale ninayoyasikia mara kwa mara hapa Pwani, kwa sababu mtu asiyejua Katiba yake ilipatikana vipi ni rahisi kuporwa.

“Iliandikwa na wanasheria wachache kwa muda wa mwaka mmoja tu”

Kamati ya Wataalamu iliyoongozwa na wakili Nzamba Kitonga ilianza kazi mapema mwaka 2009, na Agosti 2010 Wakenya wakapiga kura. Ukianza kuhesabu hapo, utadhani kweli ilikuwa kazi ya haraka ya watu wachache. Lakini Kamati ile haikukalia karatasi tupu. Sheria iliyoiunda mwaka 2008 iliitaka irejee rasimu zilizotangulia, itenganishe mambo ambayo Wakenya walikwisha kukubaliana na yale waliyokuwa bado wanabishania, kisha iyashughulikie hayo ya pili.

Na hizo rasimu zilizotangulia zilikuwa na gharama. Juni 1982 Bunge liliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa kuchomeka kifungu cha 2A. Mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa kazi zao, yaani wangeweza kufukuzwa na Rais bila kinga ya maana. Watu waliopinga wakawekwa kizuizini. Ilibidi damu imwagike katika maandamano ya kudai vyama vingi siku ya Saba Saba, 7 Julai 1990, na shinikizo liendelee ndani na nje ya nchi, ndipo kifungu kile kikaondolewa Desemba 1991. Mwaka 1997, Saba Saba nyingine, waandamanaji waliodai mageuzi kabla ya uchaguzi walifuatwa na polisi hadi ndani ya kanisa kuu la All Saints, Nairobi.

Wanasiasa walipotaka kuufanya mjadala wa katiba uwe wao peke yao, viongozi wa dini, Wakristo, Waislamu na Wahindu pamoja, walikutana katika jumba la Ufungamano na kuanzisha mchakato wao sambamba. Mwaka 2001 mchakato huo uliunganishwa na Tume ya Kurekebisha Katiba iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai. Tume hiyo ilizunguka maeneo yote 210 ya ubunge, ikasikiliza wakulima, wafugaji, wavuvi, wajane na walimu. Kisha likaja Kongamano la Katiba lililokaa Bomas, Nairobi, 2003 hadi Machi 2004, lenye wajumbe 629. Kwa hiyo ile miezi ya Kamati ya Kitonga ilikuwa ngazi ya mwisho ya jengo lililoanza kupandishwa karibu miaka 20 kabla.

“Ni katiba ya wageni”

Katika Kamati ya Wataalamu kulikuwa na wageni watatu, na hawakufichwa: Christina Murray wa Afrika Kusini, Frederick Ssempebwa wa Uganda na Chaloka Beyani wa Zambia. Wenzao sita walikuwa Wakenya. Tukumbuke hali ya nchi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Mkataba uliosimamiwa na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Februari 2008 ndio ulioirudisha katiba mezani. Nchi iliyogawanyika hivyo ilihitaji watu wachache ambao hakuna upande ungeweza kusema ni wa kwao.

Anayetafuta katiba ya wageni aiangalie ile ya 1963. Viongozi wetu waliijadili katika jumba la Lancaster, London, na iliyoipa nguvu ya sheria ilikuwa amri ya serikali ya Uingereza. Mwananchi wa Lamu au Turkana hakuulizwa.

“Kura ya maoni ndiyo inayoifanya katiba iwe ya wananchi”

Hili linahitaji muda, kwani lina sehemu ya ukweli.

Mwaka 2005 tulipiga kura ya maoni. Rasimu ya Bomas ilikuwa imependekeza waziri mkuu mwenye mamlaka halisi, na serikali haikuipenda. Basi rasimu ikabebwa, ikapitia mikutano ya wabunge huko Kilifi na meza ya Mwanasheria Mkuu Amos Wako, ikatoka na rais mwenye nguvu kuliko alivyokuwa ndani ya Bomas. Alama ya kura ya Ndiyo ilikuwa ndizi, ya La ilikuwa chungwa. Tarehe 21 Novemba 2005 chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58.

Watu walikuwa wametoa maoni yao, wakatuma wajumbe wao, kisha wakaletewa kitu kingine debeni. Na debeni huwezi kurekebisha ibara moja. Chakula kimekwisha pikwa. Unakula au unakiacha.

Sasa tuangalie Afrika Kusini, ambako katiba ya 1996 haikupigiwa kura ya maoni kabisa. Mwaka 1993 vyama vilikubaliana kwanza juu ya katiba ya muda na kanuni 34 ambazo katiba ya kudumu isingeruhusiwa kuzivunja. Aprili 1994 wananchi wakachagua wabunge, na wabunge hao wote 490 wa mabaraza mawili wakakaa pamoja kama Bunge la Katiba chini ya Cyril Ramaphosa. Lazima thuluthi mbili wakubali. Walipopitisha maandishi yao Mei 1996, Mahakama ya Katiba iliyapima kwa zile kanuni 34, na Septemba ikayakataa. Bunge zima lililochaguliwa na watu, likiwa na chama cha Nelson Mandela ndani yake, liliambiwa lirudi likarekebishe. Likarudi. Mahakama ikaridhia Desemba, na Mandela akatia saini tarehe 10 Desemba 1996 huko Sharpeville, mahali ambapo polisi waliwaua watu 69 mwaka 1960.

Nikiziweka hizi mbili pamoja, naona kuwa swali kubwa ni hili: nani anaruhusiwa kuigusa rasimu baada ya wananchi kusema, na anazuiwa na nini? Kenya ilijifunza. Kwa sheria ya 2008, mbunge angeweza kupendekeza mabadiliko, ila kila badiliko lilihitaji kuungwa mkono na takriban thuluthi mbili ya wabunge wote. Mapendekezo zaidi ya 100 yalipelekwa Bungeni. Hakuna hata moja lililofikisha idadi, na tarehe 1 Aprili 2010 rasimu ikapita kama ilivyo. Sisemi wanasiasa hawakuiathiri. Januari ile ile kamati yao ilikuwa imekaa Naivasha na kuubadilisha mfumo wa serikali kuwa wa urais, na Kamati ya Wataalamu ikakubali. Lakini uzio uliwekwa, na uzio ukashika.

Tanzania uzio huo haukuwapo, au haukutosha. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima na kukabidhi rasimu ya pili Desemba 2013 ikipendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Bunge Maalumu lililokaa Dodoma mwaka 2014 likarudisha serikali mbili. Wajumbe wa upinzani waliojiita UKAWA wakatoka nje mwezi Aprili, waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba. Kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na haikupigwa. Inauma kuona kazi nzuri kama ile ya Tume ikikwama hapo.

“Mahakama za Kadhi zilichomekwa mwaka 2010”

Katika kampeni za 2010 rangi ya Ndiyo ilikuwa kijani na ya La ilikuwa nyekundu. Makanisa mengi yalisimama upande wa nyekundu kwa sababu mbili kubwa: kifungu cha 26 kuhusu uhai na utoaji mimba, na kifungu cha 170 kuhusu Mahakama za Kadhi. Hadi leo nasikia watu wazima wakisema kuwa Waislamu walipewa mahakama hizo mwaka ule kama zawadi ya kura. Sisi wa mwambao tunapaswa kulijibu hili kwa utulivu, na kwa tarehe.

Makadhi walikuwa wakihukumu Mombasa, Malindi na Lamu kabla ya kuwapo nchi iitwayo Kenya. Ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1895 Waingereza walichukua usimamizi wake, wakawa wanamlipa Sultani kodi kila mwaka, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea Mombasa. Uhuru ulipokaribia, ukanda huo ulibidi uamuliwe: uende Zanzibar, ujitawale wenyewe, au uungane na Kenya? Oktoba 1963, Jomo Kenyatta kwa Kenya na Mohamed Shamte kwa Zanzibar waliandikiana barua za makubaliano. Sultani aliachia ukanda. Kenya nayo ikaahidi kulinda uhuru wa dini, mamlaka ya makadhi na hati za ardhi za watu wa Pwani. Ahadi hiyo ikaingia katika katiba ya uhuru.

Katiba ya zamani, katika kifungu cha 66, ilisema kutakuwa na Kadhi Mkuu na makadhi wengine wasiopungua watatu. Kifungu cha 170 cha sasa kinasema kutakuwa na Kadhi Mkuu na makadhi wengine wasiopungua watatu. Na mamlaka yao yana mipaka: hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Mkristo hapelekwi kwa Kadhi. Hata Mwislamu hashikwi mkono kwa nguvu.

Ni haki pia kusema kuwa waliopinga walikuwa na hoja ya kisheria, si chuki tu. Kesi iliyofunguliwa na viongozi wa makanisa mwaka 2004 iliamuliwa Mei 2010, na Mahakama Kuu ikasema kuwa kuzilinda mahakama hizo ndani ya katiba kunakwenda kinyume na usawa wa dini. Mjadala huo ni halali. Kwangu, ahadi iliyotolewa ili watu wakubali kuungana na nchi haifutwi kwa sababu idadi ya waliopewa ahadi ni ndogo. Kuwapo kwa thamani ya wingi na thamani ya kulinda wachache ndani ya katiba moja ndiko kunakoifanya iwe ngumu kuandika. Agosti 4 zaidi ya wapiga kura milioni 6 walisema Ndiyo, karibu milioni 2.8 wakasema La.

“Yale maadili ya kifungu cha 10 ni mapambo”

Uzalendo, umoja, kugatua mamlaka, utawala wa sheria, ushiriki wa wananchi, utu, usawa, haki ya kijamii, uadilifu, uwazi, uwajibikaji. Ukiyasoma haraka yanafanana na maneno ya kuchorwa ukutani shuleni. Lakini kifungu hicho kinaanza kwa kusema kuwa maadili haya yanamfunga kila ofisa wa umma anapotunga sheria, anapoitafsiri au anapofanya uamuzi wa sera.

Mahakama zimelichukua neno hilo kwa uzito. Mpango wa Maridhiano, BBI (Building Bridges Initiative), uliotokana na salamu za mkono kati ya Rais Uhuru Kenyatta na kiongozi wa upinzani Raila Odinga Machi 2018, ulitaka kubadili Katiba na, pamoja na mengine, kuongeza maeneo 70 ya ubunge. Mahakama Kuu ikauzuia Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikatoa neno la mwisho. Haikukubali kila hoja ya mahakama za chini. Ila juu ya maeneo yale 70 ilisema wazi: wananchi hawakushirikishwa, kwa hiyo hayasimami. Ushiriki wa wananchi, pambo la ukutani, ukayaangusha maeneo 70 yaliyotakiwa na viongozi wawili wenye nguvu zaidi nchini.

Nchini Tanzania nako, rasimu ya Warioba iliorodhesha tunu saba za taifa, ukiwamo uadilifu, uwazi na uwajibikaji. Katika Katiba Inayopendekezwa hizo tatu zilitolewa kwenye orodha ya tunu na kuhamishiwa kwenye misingi ya utawala bora. Mapambo hayagombaniwi hivyo.

“Rais akitaka, anaibadilisha” na “Yaliyoandikwa yamekwisha timia”

La kwanza ni urithi wa zamani, wakati Seneti ilifutwa 1966 na majimbo yakayeyuka bila mwananchi kuulizwa. Leo mambo makuu, kama mamlaka ya wananchi, haki za msingi, muda wa rais madarakani na ugatuzi, hayaguswi bila kura ya maoni. Mwananchi wa kawaida naye anaweza kuanzisha mabadiliko akipata saini milioni 1 na kuungwa mkono na mabunge ya kaunti yasiyopungua 24 kati ya 47. Mahakama ya Juu, katika uamuzi ule wa 2022, ilisema njia hiyo ni ya wananchi na Rais hawezi kuitumia.

La pili linanihuzunisha zaidi. Katiba inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wajumbe wa chombo chochote cha kuchaguliwa. Bunge lilipewa muda wa kutunga sheria ya kulitekeleza hilo, likaongezewa muda, likashindwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge, kama Katiba inavyoelekeza. Bunge halikuvunjwa. Uchaguzi wa 2022 ukaja, ukapita, na wanawake bado hawajafikia bungeni ile thuluthi moja inayotokana na kifungu cha 81.