Kuwashwa tupu ya nyuma: weka sabuni kando kwanza

Mtu akinijia na muwasho wa tupu ya nyuma, swali langu la kwanza huwa hili: unachambia nini? Wengi hushtuka, maana walishajitayarisha kuulizwa habari za minyoo au bawasiri. Kisha majibu huja. Maji na sabuni ya kipande, kila aendapo chooni. Mwengine hutia dawa ya kuulia viini ndani ya kopo. Mwengine hutumia zile tishu za majimaji za watoto, zenye marashi. Mimi ni daktari wa ngozi hapa Lamu, na nasema bila kusita: wanaowashwa sana mjini kwetu ni watu wasafi mno.

Ngozi ya pale ni laini, ina mikunjo, haipati hewa na imejaa mishipa ya fahamu. Mafuta yake ya asili ndiyo kinga yake. Sabuni huyaondoa, ngozi ikakauka na kufanya nyufa ndogo zisizoonekana, kisha jasho na chembe za choo zikaingia humo na kuwasha. Mwenyewe hujikuna, na akishachubuka hudhani amebakiwa na uchafu, akazidisha sabuni. Usiku hujikuna usingizini bila kujua. Miezi ikipita, ngozi huwa nene na ngumu, na hapo huwasha yenyewe hata kama kilichoanzisha muwasho kimekwisha zamani.

Kuchamba kwa maji, kama tulivyolelewa, ni bora kuliko kujifuta kwa karatasi kavu. Maji matupu yanatosha. Tunachosahau ni kujikausha. Msimu wa kaskazi, joto na unyevu wetu huu, mtu akachamba na kupandisha boksa ya nailoni juu ya maji, ngozi itapona saa ngapi? Jikaushe kwa kitambaa laini cha pamba, kwa kugusisha tu. Wavuvi wanaoshinda na nguo zilizolowa maji ya chumvi wana taabu zaidi. Kwao kujifunga msuli mkavu kiunoni usiku, bila chupi, husaidia kuliko dawa nyingi ninazoandika.

Wako pia wenye wasiwasi wa twahara, yaani wa kuhofu hawajasafika kwa ibada, wanaochamba wakarudia, wakarudia tena. Masheikh wameukemea wasiwasi huo tangu zamani. Mimi huwaambia: msikilize sheikh wako kuhusu kiasi cha maji, nami nisikilize kuhusu sabuni.

Halafu kahawa. Najua nitachukiwa kwa hili mabarazani. Kahawa huweza kulegeza msuli unaofunga njia ya haja kubwa, na kwa baadhi ya watu unyevu kidogo wa choo huvuja bila wao kuhisi. Pilipili, ndimu, nyanya, chai kali na soda nazo huwasumbua wengine. Simkatazi mtu vyote kwa pamoja. Aache kimoja kwa wiki mbili, aone. Choo chenyewe kikiwa laini mno huacha mabaki, kikiwa kigumu huchana. Mbaazi, kunde, mchicha, papai na maji ya kutosha hukiweka sawa.

Kinachonikasirisha hasa ni malhamu za mchanganyiko zinazouzwa madukani bila swali: steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), dawa ya fangasi na antibayotiki, vyote katika tyubu moja. Siku tatu za mwanzo mtu hupata raha, akaendelea nayo miezi mitatu. Steroidi kali huikondesha ngozi ile hadi ikawa kama karatasi, na fangasi akiwapo anaweza kunawiri chini yake. Dawa ya bawasiri yenye ganzi nayo huweza kuleta mzio, yaani ikazidisha kile kile ulichoinunulia. Watu wengi watatosheka na haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu, kidogo tu, mara moja au mbili kwa siku, isizidi wiki mbili. Baada yake, malhamu ya zinki au mafuta ya mgando yasiyo na marashi.

Mtoto ni habari nyingine. Mtoto anayejikuna usiku na kulala kwa kugeuka geuka, kwanza mfikirie minyoo wale wembamba weupe mfano wa vipande vya uzi. Jike hutoka usiku akataga maelfu ya mayai pembezoni mwa tupu. Mtoto hujikuna, mayai yakaingia kuchani, toka hapo mdomoni, kwenye mkeka wa chuo cha Kurani, kwenye shuka analolala na nduguze. Mabibi zetu husema minyoo huletwa na vitamu, lakini halua haina kosa hapa. Kupima choo mara nyingi hakuwaonyeshi. Asubuhi, kabla mtoto hajaoshwa, bandika utepe angavu wenye gundi (selotepu) pale kwenye tupu, ubandue, uupeleke maabara. Dawa ni albendazo au mebendazo, nyumba nzima siku moja, kisha rudieni baada ya wiki mbili, kwa sababu huua minyoo na kuyaacha mayai. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka miwili waulizie daktari kwanza. Kateni kucha, fueni mashuka kwa maji ya moto.

Sasa, lini uende hospitali? Ukiyafanya haya wiki mbili tatu bila nafuu, nenda. Ukiona damu, nenda, na usijiambie ni bawasiri kabla hujachunguzwa. Bawasiri na saratani ya utumbo mpana zote huweza kutoa damu. Kadhalika choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, uvimbe usiokwisha, usaha, au kiraka cha ngozi upande mmoja kinachokataa kupona. Uvimbe wenye maumivu makali pamoja na homa huenda ni jipu, na huo haungoji: ukiwa mbali na mji, kama Faza au Kiunga, panda chombo siku hiyo hiyo. Kiu na kukojoa mara kwa mara, pima sukari. Ikiwa vidole, viganja na watu wa nyumbani nao wanawashwa usiku, huo pengine ni upele wa vijidudu vinavyojichimbia ngozini, na matibabu yake ni mengine kabisa. Mwanamke anayewashwa mbele na nyuma, mwenye ngozi iliyofanya weupe, aonwe mapema.

Wanaume wengi huchelewa kwa kuogopa watakavyodhaniwa. Muwasho huu huwapata wanaume zaidi ya wanawake, nasi madaktari tunauona kila mara; hausemi lolote kuhusu tabia ya mtu.

Uchunguzi wenyewe ni wa dakika chache. Utalala ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja, umefunikwa. Daktari ataangalia ngozi, na huenda akapima ndani kwa kidole chenye glavu, akueleze kabla hajaanza. Una haki ya kuomba daktari wa jinsia yako, au mtu wako awepo chumbani. Asubuhi hiyo usipake kitu chochote. Na njoo na tyubu zote ulizowahi kutumia, hata zilizokwisha, hata ile uliyoazimwa na jirani.