Vidonge vya vimeng'enya havitibu saratani ya mapafu

Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye magrupu: eti meza vidonge vya vimeng'enya (enzymes, yaani protini zinazoendesha shughuli za mwili), vitarudisha “walinzi” wa mwili na saratani ya mapafu itanywea. Walinzi hao wapo kweli. LKB1 na PTEN ni vimeng'enya vinavyozuia seli kukua ovyo. Jeni zinazovitengeneza zikiharibika, uvimbe hupata mwanya wa kukua na kusambaa. Lakini kila seli hujitengenezea vyake humo humo ndani. Unachomeza ni protini, na tumbo huisaga kama protini nyingine. Kuitwa vyote “vimeng'enya” ndiko kunakochanganya watu. Soma kibandiko cha chupa: mara nyingi kinataja usagaji wa chakula tu. Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo, kuna mgonjwa anayeweza kuacha matibabu kwa kuuamini. Mwenye kikohozi kilichopita wiki 3 amwone daktari.