Mwongozo wa matibabu huharibikia kwenye swali

Watu wakisikia kazi yangu ni kuandaa miongozo ya matibabu, hudhani nashinda nikisoma tafiti. Nazisoma, ndiyo. Lakini kikao kinachonitoa jasho ni kile cha kwanza kabisa, kabla hata utafiti mmoja haujafunguliwa: kuunda swali.

Swali letu lina miguu minne: mgonjwa gani, tiba ipi, inalinganishwa na nini, na tunatafuta matokeo gani. Mitatu ya mwanzo haina ubishi mwingi. Wa nne ndio hutugombanisha. Madaktari bingwa hupenda vipimo: sukari imeshuka, presha imetulia. Mgonjwa aliyealikwa kwenye jopo huuliza lake: nitaishi? Nitaweza kutembea?

Huyo msikilizeni. Miaka ya 1980, watu walionusurika mshtuko wa moyo walikuwa wakipewa dawa kama flecainide na encainide ili kutuliza mapigo yanayorukaruka. Na kweli, kwenye kipimo yalitulia. Likaja jaribio lililoitwa CAST, likawagawa wagonjwa 1,498 kwa bahati nasibu, hawa wapewe dawa hizo, hawa kidonge kitupu. Baada ya wastani wa miezi 10, waliofariki upande wa dawa walikuwa 63, upande wa kidonge kitupu 26. Jopo ambalo lingeuliza habari za mapigo peke yake lingezipigia dawa hizo makofi.

Swali likikaa sawa, tunakusanya tafiti zote zinazolihusu, hata zile zisizotufurahisha, kisha tunapima uhakika wake kwa mfumo wa GRADE: wa juu, wa wastani, wa chini, wa chini sana. Majaribio ya nasibu huanzia juu, lakini hushushwa yakiwa na kasoro za uendeshaji, wagonjwa wachache au matokeo yanayopingana.

Wageni wa kazi hii huchanganya uhakika wa ushahidi na uzito wa pendekezo, yaani jinsi jopo linavyosisitiza tiba itumike au isitumike. Ushahidi waweza kuwa wa juu na bado tukaandika pendekezo lenye masharti, lisilomfaa kila mgonjwa, kwa kuwa faida ni ndogo na madhara kila mgonjwa atayapima kivyake. Kinyume chake pia hutokea, ila mimi hukitilia shaka: pendekezo kali juu ya ushahidi hafifu, mara nyingi ukilichunguza utakuta sauti ya mkubwa mmoja mezani. Ndiyo maana kila mjumbe hutangaza maslahi yake mapema, na anayelipwa na mtengenezaji wa dawa husika hutoka nje wakati wa kura. Kuna mmoja alininunia wiki nzima kwa hilo.