Jani la sale juu ya meza ya Wakili wa Serikali

Katika majalada ya makosa makubwa yanayopita mezani kwangu hapa Moshi, ni machache mno ambayo mtuhumiwa na mlalamikaji hawakuwa wakifahamiana kabla. Wengi wao ni watu wa kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo lenye makazi, wa ukoo mmoja au wa kilabu kimoja cha mbege, na ujirani huo huamua hatima ya kesi kuliko kifungu chochote cha sheria. Jambazi asiyejulikana humsumbua mpelelezi. Mjomba anayejulikana humsumbua mwendesha mashtaka, yaani Wakili wa Serikali kama mimi.

Kanuni ya Adhabu hulihesabu kosa kuwa kubwa pale sheria inapolitaja hivyo, au, kama halikutajwa kuwa dogo, pale adhabu yake inapokuwa kifo au kifungo cha miaka 3 na kuendelea. Kwa hiyo ndani ya kapu hilo moja wamo aliyeua, aliyebaka, aliyevunja nyumba usiku na aliyeiba ng'ombe. Jalada hunijia kutoka kwa Mkuu wa Upelelezi likiwa na maelezo ya mashahidi, fomu ya polisi namba 3 ya uchunguzi wa daktari, ambayo kila mtu huiita PF3, ramani ya eneo la tukio iliyochorwa kwa mkono, na maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa huyatoa polisi baada ya kuonywa, kama alikubali kuyatoa. Hulisoma kwanza kana kwamba mimi ndiye ninayemtetea mtuhumiwa, nikitafuta tundu. Nikiliona, hulirudisha polisi likiwa na maelekezo: mhojini jirani aliyesikia kelele, ulizeni taa ilikuwa umbali gani, mtuhumiwa alivaa nini. Ushahidi usipotosha kabisa, hupendekeza jalada lifungwe, na kwa mapendekezo hayo nimejipatia maadui wengi kuliko niliowapata mahakamani.

Makosa ya kubaka na kulawiti watoto ndiyo yanayonila muda mwingi. Katika kesi ya kumbaka mtoto, ridhaa haina nafasi, kwa hiyo umri hauwi jambo la pembeni bali ni sehemu ya kosa lenyewe: adhabu ya kawaida ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10, kifungo ni cha maisha. Nililijua hilo tangu chuoni, lakini nililielewa mwaka wangu wa pili kazini. Mama alitoa ushahidi, mwalimu akatoa, daktari akatoa, na wote walikuwa wakisema "mtoto", "mtoto", bila yeyote kati yao kutaja miaka wala mwezi wa kuzaliwa. Nami sikuuliza. Umri ulikuwa umeandikwa vizuri kwenye hati ya mashtaka, ila hati ya mashtaka si ushahidi, na kwenye rufaa mtu yule alitoka. Tangu siku hiyo, kabla sijamuuliza mama kilichotokea, humuuliza alimzaa lini, na akinijibu kwamba ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, humwomba arudi nyumbani akatafute kadi ya kliniki.

Kuna tundu jingine lililo dogo zaidi. Zamani, hakimu alitakiwa kumhoji mtoto asiyezidi miaka 14 kwa kirefu ili kupima akili yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na hukumu nyingi zilifutwa kwa sababu mahojiano hayo hayakuandikwa inavyopasa. Marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Ushahidi yalirahisisha jambo hilo: mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kuapa, mradi aahidi kwanza kusema ukweli na si uongo. Ni sentensi moja tu, lakini zipo rufaa zilizoshinda kwa sababu haimo kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu anayoiandika hakimu, au imeandikwa baada ya mtoto kuanza kueleza, ingawa Mahakama ya Rufani baadaye ililegeza ukali wa msimamo huo. Ndiyo maana, hakimu anapomuuliza mtoto maswali yake ya shule na ya kanisani, mimi humtazama hakimu mkono, nihakikishe kalamu inatembea. Ushahidi huo hupokelewa faraghani, kwa hiyo chumbani tunabaki wachache, na mtoto aliyekuwa akinong'ona nje huanza kuzungumza kwa sauti ambayo karani anaweza kuisikia.

Mauaji ni hadithi nyingine, japo wahusika ni walewale. Vihamba vya Kilimanjaro vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vimebaki vipande, na mpaka kati ya ndugu na ndugu ni mstari wa masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka. Mtu akiamka akakuta sale limeng'olewa na kupandwa hatua mbili upande wake, panga haliko mbali. Mara nyingi hatubishani kuhusu nani aliyeua, kwa kuwa kijiji kizima kilimwona, bali kama alikusudia. Nia hiyo hatuisomi moyoni mwa mtu. Tunaangalia silaha aliyotumia, nguvu, idadi ya majeraha na mahali yalipo mwilini, alichosema kabla na baada, na kama alikimbia au aliketi pale pale akilia. Shingo iliyokatwa mara tatu na mkono uliokatwa mara moja ukavuja damu hadi mtu akafa njiani akipelekwa hospitali ya KCMC si kesi moja. Kesi ya aina hii ya pili, tangu utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa uingizwe mwaka 2019, huweza kumalizika kwa mshtakiwa kukiri kuua bila kukusudia, na sioni aibu yoyote kuyakubali makubaliano hayo pale ushahidi unapoishia hapo.

Mirungi, bangi na nyara za serikali, yaani nyama na viungo vya wanyamapori, nitazipitia haraka, kwa sababu humo hakuna ukoo wa kubembelezana nao. Kuna mnyororo wa makabidhiano tu. Nani alikamata, nani alitunza, nani alipeleka kwa Mkemia Mkuu, kila mkono uwe na saini yake. Mirungi ina ukorofi wake, kwani ni majani mabichi, na yaliyopimwa siku ya kukamatwa hupungua uzito yanapokauka, kisha wakili wa utetezi huja kuuliza kilo nyingine zimekwenda wapi. Nyamapori nayo huoza, hivyo huteketezwa kwa amri ya hakimu kabla ya kesi kusikilizwa, na mshtakiwa asipopelekwa mbele ya hakimu huyo akasikilizwa, amri ile haina thamani tena kama kielelezo.

Narudi kwenye sale. Jani lile lile linalopandwa mpakani ndilo ambalo Mchaga hulifunga fundo na kulipeleka kwa mtu aliyekosewa ili kuomba msamaha, na anayepelekewa hatarajiwi kulikataa. Mwaka fulani, katika kesi ambayo nimeificha wilaya yake, bibi mmoja aliingia ofisini, nikamwamkia, naye akafungua kitenge na kuliweka jani juu ya jalada langu. Mshtakiwa alikuwa mwanawe wa kumzaa. Mtoto aliyeharibiwa alikuwa mjukuu wake, wa darasa la tatu.

"Mwanangu," alisema, "tumeshakaa kama ukoo. Mbuzi amechinjwa. Imebaki wewe tu."

Nilimweleza kwamba sheria huruhusu mahakama kuwapatanisha watu katika makosa madogo ya kibinafsi, kama kupigana, lakini kosa hili si la ukoo tena; kwenye hati ya mashtaka anayelalamika ni Jamhuri, na mimi sina mkono wa kupokea msamaha kwa niaba yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza Jamhuri inaishi wapi, ili aipelekee. Sikucheka, kwa kuwa hakuwa anatania.

Nilichohofia ni kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza ambaye mtoto alimwambia, na shahidi wa namna hiyo akigeuka kizimbani, naweza kuiomba mahakama iniruhusu kumhoji kama shahidi aliyenikana, lakini maneno yake hayarudi tena kuwa yalivyokuwa. Kwa hiyo nilimuuliza jambo moja tu: mjukuu wake, katika kikao kile cha ukoo, aliketi wapi? Akafikiri. Akasema mtoto hakuitwa, alikuwa jikoni anaosha vyombo.

Alichukua jani lake akaondoka bila kuaga. Tarehe ya kesi ilipofika sikuwa na hakika kama samansi itamleta, lakini saa tatu kasorobo alikuwa kwenye benchi, na kizimbani alieleza yote aliyoambiwa na mtoto, pamoja na rangi ya sketi. Wakili wa utetezi alimuuliza kama ni kweli kwamba ukoo ulikwisha kupokea sale.

"Ulipokea," alijibu. "Mtoto hakupokea."

Hakimu aliandika majibu yote mawili, nami nikasimama kumwita daktari.